Mizani Haina Mpwa

Grantley, New Hampshire
9 Februari

Kaka yangu mpenzi Normand,

Ukiwa umesimama, tafuta kiti. Ukiwa umekaa, shika meza. Lakini salamu kwanza, maana marehemu mama alikuwa akisema habari isiyo na salamu ni mgeni anayeingilia dirishani. Mimi ni mzima. Theluji imefika usawa wa dirisha la jikoni na goti la kushoto limeanza zile kelele zake, ila ngazi za kanisani bado nazipanda bila kushika mtu. Paka amezaa tena, sijui na nani. Wifi yangu Darlene hajambo? Ng'ombe wenu wameivukaje baridi ya huko Wyoming? Ningepiga simu, lakini kwenye simu mimi na wewe tunagombana kabla salamu hazijaisha.

Sasa ishike hiyo meza. Lucien ameteuliwa kuwa balozi! Lucien wangu, mtoto wa Armand fundi bomba na wa mimi niliyetoka shule nikaenda kushona viatu kiwandani! Balozi wa Marekani nchini Uswisi! Simu ya Washington ilimkuta hapa hapa kwangu akila maharage ya Jumamosi, akaipokea na kijiko kikiwa bado mdomoni. Nilipiga ukelele hadi jirani yangu Doris akaja na ndoo ya maji akidhani nyumba inaungua.

Nimeshamwambia padri, nimewaambia posta, nimemwambia Yvette wa duka la dawa, yule ambaye mwanawe ni daktari wa meno na hatupumziki naye. Nikamwambia, "Udaktari wa meno ni kazi nzuri, Yvette. Hata Uswisi wana meno."

Kuna kizingiti kimoja tu. Seneti lazima imwidhinishe. Lucien anasema kura za kamati ziko sawa kwa sawa, na aliyebaki katikati ni Seneta Tolliver, yule anayetaka serikali iwe ndogo ya kuingia mfukoni. Na kila mtu anajua Tolliver hampigii mteule kura kabla ya kusoma Mizani. Mizani yako, kaka! Kijarida chako cha kurasa nne, unachokiandika zizini! Nilicheka hadi nikakohoa. Mungu ana mipango yake.

Sikuombi upendeleo. Nakukumbusha tu kwamba mcheza kwao hutunzwa. Na yale mambo ya helmeti yamepita, hatuyasemi.

Nijibu upesi, na tafadhali tumia posta kama binadamu wengine.

Dada yako Claudette,
Mama Balozi (bado kidogo)


Pinder, Wyoming
2 Machi

Mdogo wangu Claudette,

Hatujambo. Ng'ombe wawili wamekufa kwa baridi, waliobaki wamenuna. Wifi yako anasema goti ulipake mafuta ya kondoo na uache kuruka ruka.

Posta ya serikali sitaitumia. Duka linalowakataza wengine wasifungue duka si duka. Barua hii anaileta Hank wa lori la sufu. Ana shughuli zake njiani, itafika itakapofika.

Hongera. Nimefurahi, kwa ajili yako. Uswisi ni nchi ninayoiheshimu: haiingii vita vya watu, na kila kijiji kinajiamulia mambo yake. Lakini tuelewane mapema: mizani haina mpwa. Mabalozi, majaji, mawaziri, wote nimewapima kwa kipimo kimoja. Alipopata nguvu juu ya wenzake, aliwaacha waishi au aliwaingilia? Mkono wake uliingia mfuko wa nani? Milango ya biashara aliifungua au aliifunga? Na je, aliwatuma watoto wa watu kwenda kufa katika ugomvi usiowahusu? Alama ni mia. Aliyepata nyingi kuliko wote alipata hamsini na nane, na yule alikuwa mgonjwa nusu ya muda wake ofisini.

Kumbukumbu za kura alizopiga Lucien akiwa mbunge wa jimbo nimeziagiza huko bungeni kwao. Lakini karatasi haioni kila kitu, na wewe ulikuwepo. Usiniambie kwamba ni mpole. Niambie alichofanya.

Alipita mtu hapa juzi, viatu vinang'aa, akazama kwenye tope. Si kitu.

Kaka yako,
Normand

Mambo ya helmeti hayajapita.


Grantley
19 Machi

Kaka yangu mpenzi,

Barua yako imefika ikinuka kondoo, nimeianika kwanza barazani ndipo nikaisoma. Pole kwa ng'ombe. Huku miti ya mepo imeanza kutoa utomvu wake mtamu na mji mzima unanuka shira ikichemka. Vitoto vya paka vimefumbua macho.

Najua una kinyongo. Lucien alitaka kila mpanda pikipiki jimboni avae helmeti, na wewe ukaipakia pikipiki yako ukahamia Wyoming kwa hasira. Lakini sheria yenyewe haikupita! Mjomba na mpwa hamsemezani miaka yote hii kwa sababu ya kofia ambayo hakuna aliyeivaa!

Haya, umeuliza alichofanya. Kaa vizuri, maana mimi kila alichofanya nimekibandika kwenye friji.

Tangu awe mwenyekiti wa halmashauri ya mji, hakuna tena mtu kuanika nguo upande wa barabara kuu. Marufuku! Mji umekuwa kama kadi ya Krismasi. Mimi mwenyewe naanika chini ghalani, hazikauki, lakini mji unapendeza. Paka wote wana leseni. Wa kwanza jimbo zima, Normand, kuwapa paka leseni! Wangu ndiye namba moja. (Vitoto havina bado, usiseme.) Watoto wanaouza maji ya ndimu njiani wana kibali chenye mhuri, basi wanajiona wafanyabiashara hasa. Na yule kulungu mkubwa wa shaba mbele ya maktaba, kazi yake Lucien! Kila mtu alichangia, hata wasiotaka. Ndiyo uzuri wa kodi.

Bungeni alisimamia sheria ya kuteua donati rasmi ya jimbo. Mjadala ulikuwa mkali, akashinda. Na usiseme hajui mambo ya nje: aliongoza ujumbe kwenda Quebec, na aliporudi shira yao ikawa haivuki mpaka ovyo ovyo. Wachemshaji wetu walimbeba juu juu! Kama huo si ubalozi, ubalozi ni nini?

Naona mwenyewe utampa tisini. Mia usimpe, watasema ni undugu.

Lile la walinzi silisemi. Kila mtoto ana siku yake moja ya kumtahayarisha mama.

Dada yako,
Mama Balozi (karibu kabisa)


Grantley
2 Aprili

Kaka,

Kimya. Nadhani machozi ya furaha yamelowesha karatasi. Wakati unayafuta nikuongezee: nilisahau kwamba katika mkutano wa mji Lucien aliweka sheria kwamba mtu asiseme zaidi ya dakika mbili. Zamani tulikuwa tunakaa mpaka njaa inatuuma. Sasa unafunga mdomo kabla hujapoteza hamu. Mwongezee kwa hilo.

C.


Pinder
31 Machi
(Hank alikuwa na harusi Nebraska. Imenifikia tarehe 14 Aprili. — C.)

Claudette,

Hatujambo. Nakuomba, kwa jina la marehemu mama, acha kumsifu mwanao.

Ulipoanza barua yako, kwa karatasi za bungeni peke yake, alikuwa na alama thelathini na nne. Ulipofika kwenye paka alikuwa na kumi na tisa. Shira ya Quebec imemtua kwenye kumi na moja. Hakuna aliyewahi kufika huko chini, hata yule waziri aliyetaka watu wakate leseni ya kuchimba minyoo ya kuvulia samaki. Darlene alinikuta nimeshika kichwa akadhani ng'ombe mwingine amekufa.

Una jambo lingine lolote la kuniambia ambalo hujivunii? Hilo ndilo nililihitaji tangu mwanzo. Lile la walinzi ni lipi?

Kaka yako,
Normand


Grantley
16 Aprili

Kwa Bwana Normand Gagnon,

Salamu zimo, ila ni za Darlene.

Kumi na moja! Hata mtihani wa hesabu mimi nilipata zaidi ya hapo, na siku ile nilikuwa na surua! Huyu ndiye mtoto uliyembeba mabegani kwenda kutazama fataki. Huyu ndiye aliyekuwa akilia ukitaka kwenda kwako. Kumi na moja, kwa sababu ya paka!

Nilikwenda dukani nikamkuta Yvette, akaniuliza, "Vipi Uswisi?" Nikamwambia mambo yanakwenda vizuri ajabu. Usinifanye niwe mwongo mbele ya Yvette.

Lakini nimekaa nikafikiri, maana na mimi kichwa ninacho, sikukuachia wewe chote. Kumbe tatizo si mtoto, ni hizo sheria. Vema. Sheria zinawekwa na watu na watu wanaziondoa. Mkutano wa mji ni mwezi ujao. Kalamu ninayo, miguu ninayo, na tanuri langu linaoka pai kumi kwa siku. Sisemi zaidi. Lucien hajui na usimwambie, ingawa najua huwezi kumwambia kwa sababu hamsemezani.

La walinzi halikuhusu. Kama unamkata mtu kwa sababu ya donati, kwa lile si utamzika?

Claudette


Pinder
29 Aprili

Mdogo wangu,

Ndama watatu, wazima wote. Darlene amekurudishia salamu na kuongeza zangu.

Unapanga nini?

Yule mwenye viatu vya kung'aa alikuwa mtu wa Tolliver. Kamati inapiga kura mwezi Juni, na seneta atasubiri nitakachoandika. Sikukuambia kwa sababu nilijua utanitumia pai.

Sikiliza. Wanaosoma Mizani ni wachache, wengine ni vichaa kidogo, nakiri. Wanaisoma kwa sababu moja: sijawahi kumpunja adui wala kumpendelea rafiki. Nikimdanganyia hata mtu mmoja kwa ajili ya damu yangu, kila alama niliyowahi kuitoa inageuka takataka. Basi usiniombe. Kama una ukweli, lete. Kama huna, nitaandika kumi na moja, ingawa sitapenda.

Normand


Grantley
14 Mei

Kaka yangu, kaka yangu, kaka yangu!

Goti limepona. Theluji imeisha. Salamu nyingine jisomee mwenyewe, mimi nina habari.

Desturi ya huku hujaisahau: raia akipata sahihi ishirini na tano, hoja yake lazima isomwe katika mkutano wa mji, hata kama ni ya kipumbavu. Mimi nilipata mia na zaidi! Nilikwenda mlango kwa mlango na pai ya nyama mkononi. Sikujua watu wanazichukia sheria za mwanangu kiasi kile. Kabla sijamaliza kusema "paka," mtu ameshanipokonya kalamu. Nilifurahi na kuumia kwa wakati mmoja.

Basi ukumbi wa shule ukafurika. Lucien amekaa mbele na halmashauri yake, tai nyekundu, anapendeza kama keki. Msimamizi wa mkutano, Elwood Pratt, akavaa miwani akasoma: "Hoja iliyoletwa na Bi Claudette Ouellette, ya kufuta sheria ndogo ya leseni za paka."

Lucien akageuka. "Mama?"

"Kaa sawa, mwanangu. Nakusaidia."

"Unanisaidiaje? Hiyo ni sheria yangu!"

"Ndiyo maana!"

Watu wakaangua kicheko. Nikasimama nikasema, "Jamani, sheria hii ni nzuri sana, imeandikwa na mtu mwenye akili kuliko wote tuliomo humu, na naomba tuifute."

"Naunga mkono!" Doris akapaza sauti hata sijakaa.

Kadi za kupigia kura, za rangi ya chungwa, zikapanda juu, ungedhani shamba la maboga limesimama. Ikafutwa. Kamba za nguo, ikafutwa. Vibali vya maji ya ndimu, ikafutwa, na watoto nje wakashangilia. Nilipofika kwa kulungu, Elwood akagonga meza. "Muda wako umekwisha, Bi Ouellette. Dakika mbili. Ndiyo sheria."

"Sheria ya nani?"

"Ya mwanao."

"Basi na hiyo naomba tuifute!"

Kaka, ukumbi ulilipuka! Mzee mmoja alirusha kofia ikanasa kwenye taa. Ikafutwa na hiyo, ndipo nikaongea kuhusu kulungu hadi nikachoka, wakakataa kumwondoa. Wamemzoea.

Hapo Yvette akasimama. Akainyoosha sketi yake. Akasema, "Na ile hotuba yake ya walinzi je? Si tuifute nayo, aende Uswisi mweupe kama maziwa?"

Watu wote wakanigeukia.

Haya, Normand, sasa nakuambia. Mwaka ule Washington walitaka kuwapeleka vijana wa kikosi cha ulinzi cha jimbo letu kwenye vita vya mbali, vita ambavyo bunge la nchi halijawahi kuvitangaza. Lucien akasimama katika bunge la hapa akasema hakuna kijana wa New Hampshire atakayekwenda kufa mpaka wale wanaomtuma wapige kura ya vita na kutia majina yao kwanza. Mswada wake ulipigiwa kura kwa sauti, wa ndiyo na wa hapana wakapiga kelele, wa hapana wakazidi, hakuna jina lililoandikwa popote. Vijana wakaenda. Huku watu wakamwita mwoga, na mimi majira yote ya baridi nilikaa benchi la kanisani peke yangu. Nilikuwa nakuficha nikidhani litamponza. Mjukuu wa Doris alikuwa mmoja wa waliokwenda. Amerudi, ila hapendi mlango ukifungwa kwa kishindo.

Basi nikamgeukia Yvette. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema, "Hiyo hapana. Chukua paka, chukua kamba, chukua kila kitu alichotunga. Hiyo usiiguse. Siku ile peke yake mwanangu hakumkataza mtu kitu, aliwakatalia wakubwa."

Mara Doris akainua kadi yake. Hapakuwa na hoja yoyote, lakini aliinua, ameukaza mkono kabisa. Halafu jirani yake. Halafu safu nzima.

"Hakuna hoja mezani!" Elwood anahangaika. "Mnapigia nini kura?"

"Tunajua hakuna hoja, Elwood," Doris akamwambia. "Hesabu tu."

Tulipotoka Lucien akanishika mkono kwenye maegesho. "Mama, umefuta kazi yangu yote ya miaka kumi na miwili."

"Si yote," nikamwambia. Akanitazama, halafu akaanza kucheka, na mimi nikacheka, tukaegemea gari tunacheka kama walevi, na pai iliyobaki tukaila kwa mikono.

Basi, sheria zimekwisha. Mrudishie alama zake.

Mama Balozi (nasema hivyo hivyo)


Pinder
4 Juni

Mdogo wangu Claudette,

Wote wazima. Barua hii imefika haraka kwa sababu nilimsomea Hank ile yako, na yeye anataka kujua mwisho kuliko mimi.

Mwanamke wewe! Umenimwagia mambo kumi mepesi, ukalificha moja zito kana kwamba ni bakora ya kumchapia. Ila mama si shahidi, utanisamehe. Nimempigia simu Elwood. Nimempigia Doris. Nimempigia hata Yvette, naye alinisimulia hotuba ile neno kwa neno, kwa uchungu mtupu, na ndiyo maana nimeiamini.

Haya ndiyo yaliyokwenda kuchapwa leo:

"Lucien Ouellette, mteule wa ubalozi wa Uswisi. Alama arobaini na moja. Katika biashara ni mbaya. Waulizeni wachemsha shira wa Quebec. Katika mali za watu ni mbaya sana. Katazameni kulungu wa Grantley. Katika vita na amani alisimama pale ambapo kusimama kulimgharimu jina, na hapakuwa na karatasi ya kumwandikia thawabu. Kazi ya balozi ni vita na amani, kwa hiyo hapo nimeweka uzito. Tena msomaji akumbuke kwamba balozi hana mamlaka ya kutunga sheria hata moja. Hawezi kumwekea mtu masharti ya paka wala ya kofia. Kila siku atakayoishi Uswisi ni siku ambayo hayupo New Hampshire, na wapenda uhuru wa jimbo hilo watamsindikiza kwa shangwe. Aidhinishwe. Mwandishi ni mjomba wake. Kila msomaji apunguze imani kadiri anavyopenda."

Zile sheria ulizofuta hazijamwongezea kitu. Hakuzifuta yeye. Alama za kazi ile ni zako, na jana usiku Darlene alinilazimisha nikupime. Umepata tisini na moja. Hakuna mtu katika maisha ya Mizani aliyewahi kufika huko. Tisa nimezikata kwa kumwacha kulungu.

Mwambie mpwa wangu pikipiki bado inawaka, na kiti cha nyuma kipo. Kofia achague mwenyewe.

Kaka yako,
Normand


Berni, Uswisi
12 Oktoba

Kaka yangu mpenzi Normand, na wifi yangu Darlene,

Nawaandikia nimekaa kwenye kiti chenye vichwa vya simba. Miguu haifiki chini, lakini najikaza. Hatujambo wote. Nimekuja kumtembelea mwanangu, na ndege niliyopanda ilikuwa na jibini ya aina tatu. Doris ananitunzia paka, vitoto amevigawa, hakuna aliyeulizwa leseni.

Seneta Tolliver alisema "ndiyo" huku ameishika Mizani mkononi, niliona kwenye televisheni. Makala yako nimeiwekea fremu. Umemsifu hadi nikaona haya! "Watamsindikiza kwa shangwe," jimbo zima! Nilimsomea Yvette mara mbili, na ile ya tisini na moja nilimsomea padri. Sasa kanisani nasogezewa nafasi.

Ila kuhusu nchi hii, kaka, ulinipa maneno mazuri mno. Kila kijiji kinajiamulia, kweli, na kilichoamuliwa ni kwamba usifanye chochote! Chupa tupu huitupi Jumapili. Majani hukati ukijisikia. Nilimwimbia mtoto wa watu bustanini wakanitazama kama moshi ulioingia chumbani mwao.

Juzi mchana Lucien akataka kutundika picha ya baba yake sebuleni, Armand na ovaroli lake la ufundi bomba, katikati ya mabalozi wa zamani wenye ndevu. Amegonga mara mbili tu, kengele ya mlango ikalia. Ni jirani wa nyuma ya ua, Bi Aebischer, mwembamba, nadhifu, ana karatasi mkononi.

"Mheshimiwa Balozi, samahani. Saa sita hadi saa saba ni saa ya kupumzika. Nyundo hairuhusiwi."

"Nani ameamua?" Lucien akauliza.

"Sisi sote. Tulipiga kura."

"Mimi sikupiga."

"Wewe ni mgeni."

Normand, nilimwona masikio yanamwiva kama alipokuwa mdogo. Yule yule aliyeandika sheria ya paka! Akanyoosha mgongo, nyundo mkononi, akasema, "Bibi, sijakuibia, sijakupiga, sijaingia kwako. Ni msumari mmoja, na huu ni ukuta wangu!"

Nilikimbilia jikoni nikajiziba mdomo kwa taulo. Nililia kwa kicheko hadi mpishi akaniletea maji. Niliporudi nikawakuta wamekaa, Bi Aebischer anakunywa kahawa anatikisa kichwa, na Lucien anampigia meza akieleza uhuru wa mtu ni nini. Maneno yako, kaka! Yako matupu, hata lile la duka linalokataza maduka! Sijui aliyasikia lini, maana mbele yangu alikuwa akiyacheka.

Basi fungua hiyo Mizani umwongeze mtoto. Ukuta ni wa serikali, najua, na msumari pia, na nyundo. Sikumwambia. Mtoto anaposimama dede kwa mara ya kwanza, nani anamwambia sakafu si yake?

Dada yako Claudette, wa tisini na moja,
Mama Balozi